Kubadilisha pampu ya vakyumu ya breki kwenye Hiace au Hilux ya dizeli

Pedali ya breki ikiwa ngumu ghafla, wengi huku kusini mwa Tanzania hukimbilia kununua pedi mpya au humwita fundi atoe upepo kwenye breki. Pesa inatoka, gari linarudi barabarani, na pedali inabaki ngumu vilevile. Kwenye gari la dizeli, hasa Hiace na Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L (ni majina ya injini, si lita) ambazo bado zinabeba watu na mizigo kati ya Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, kuna kifaa kimoja cha kuangalia kabla hujanunua chochote. Ni pampu ya vakyumu, yaani ya kutengeneza mvuto wa hewa, ile iliyobebwa mgongoni mwa altaneta, mashine inayochaji betri.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye spana zake na moyo wa kufanya kazi taratibu, na pia kwa dereva au mwenye gari anayetaka kusimama pembeni ya fundi akielewa kinachoendelea. Kufungua na kufunga si kazi ngumu. Kinachoniuma ni kuona pampu iliyoagizwa Dar kwa gharama inafungwa vizuri kabisa, halafu inakufa baada ya muda mfupi kwa sababu hakuna aliyeuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Kwa hiyo kwenye boliti nitapita haraka, na kwenye njia ya oili nitakaa sana.

Pampu hii inafanya nini

Injini ya petroli ina kibati kinachobana njia ya hewa pale dereva anapoacha kukanyaga mafuta. Pistoni zinavuta, njia imebanwa, kwa hiyo nyuma ya kibati panabaki mvuto mkali, kama unavyovuta dafu kwa mrija huku umeuziba kwa kidole. Mvuto huo wa bure ndio unaosaidia breki. Dizeli hizi za zamani hazibani hewa namna hiyo. Hewa inaingia tu, na nguvu ya injini inapimwa kwa kiasi cha dizeli kinachopulizwa. Mvuto wa bure haupo, ndipo ikawekwa pampu ya kuutengeneza.

Mvuto huo unakwenda kwenye bosta, lile duara kubwa jeusi lililoshikana na masta silinda, silinda kuu ya breki. Ndani yake kuna diaframu ya mpira inayoligawa duara vyumba viwili. Pampu inanyonya hewa kwenye vyumba vyote viwili. Ukikanyaga pedali, hewa ya nje inaruhusiwa kuingia chumba cha upande wako peke yake, nayo inaisukuma diaframu mbele. Usidharau hewa. Katika usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba inasukumwa na uzito wa takribani kilo 1. Diaframu yenye upana wa sentimita 20 ina zaidi ya sentimita za mraba 300, kwa hiyo bosta nzima inaweza kukuongezea nguvu ya zaidi ya kilo 200. Pampu ikifa, nguvu hiyo yote unaidai mguu wako. Breki hazijapotea, zitashika, lakini kwa kukanyaga kwa nguvu zote, na gari litasimama mbali zaidi ya ulivyozoea.

Ndani ya pampu kuna rota inayozungushwa na meno ya shafti ya altaneta. Rota imekatwa mifereji, na ndani ya kila mfereji kuna kibapa kinachoteleza kutoka na kuingia. Rota haikai katikati ya nyumba yake, imesogea upande mmoja, kwa hiyo vibapa vinapozunguka vinazoa hewa upande mpana na kuitema upande mwembamba. Kinachoviziba vibapa visipitishe hewa, na kinachovizuia visikwaruze ukuta, ni oili ya injini. Oili inakuja kwa mpira mwembamba ikiwa na msukumo, kisha inaanguka yenyewe kurudi sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa mpira mnene ulio chini. Hilo lishike, maana asilimia kubwa ya matatizo yanaanzia kwenye mipira hiyo miwili.

Hakikisha kwanza kama ni pampu kweli

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Iache mguu umeikalia kwa nguvu ya kawaida, halafu washa gari. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, msaada haufiki. Tatizo liko kwenye pampu, kwenye mpira wa vakyumu, kwenye valvu isiyorudisha hewa (inayoipitisha upande mmoja tu), au kwenye bosta yenyewe.

Jaribio la pili: liache gari likae linawaka dakika moja au mbili, zima, subiri dakika tano, halafu kanyaga. Kanyago la kwanza na la pili yawe bado laini, kisha ugumu uongezeke. Kama hata la kwanza ni gumu kama jiwe, vakyumu imevuja ilipokuwa imehifadhiwa. Hapo mshukiwa ni valvu au bosta, pampu inaweza kuwa nzima kabisa.

La tatu ndilo la kuamua. Chomoa mpira wa vakyumu pale unapoingia kwenye bosta, washa injini, iache kwenye sailensi, yaani izunguke yenyewe polepole bila kukanyaga mafuta, na uzibe mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Kidole kinyonywe kwa nguvu ndani ya sekunde chache, hadi kukitoa kuwe kwa kukivuta. Ukiwa na geji ya vakyumu ni bora zaidi: huku pwani, Mtwara na Lindi mjini, pampu nzima inafika inchi 24 za zebaki na kupita. Ukipimia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, usishangae geji ikisoma pungufu kama inchi mbili hivi, kwa kuwa hewa yenyewe ni nyepesi kule. Usiikatae pampu nzima kwa sababu ya mlima.

Kidole kikinyonywa vizuri lakini pedali ni ngumu, acha altaneta ilipo na ugeukie bosta. Kikinyonywa kwa udhaifu, fuata mpira wote kwa mkono kuanzia bosta hadi pampu. Tafuta ufa, hasa pale unapoingia kwenye chuma, na sikiliza mlio wa hewa inayopenya. Mpira wa vakyumu uliozeeka unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umeachana matabaka, ukivutwa unajiziba wenyewe.

Angalia pia dalili mbili za oili. Ukikuta oili ndani ya mpira wa vakyumu, pampu imeshindwa kuitema au oili hairudi sampu. Ukikuta mgongo wa altaneta umelowa, au taa ya chaji inawaka kwa kusitasita, sili ya shafti imechoka na oili inaingia kwenye kaboni za altaneta. Madereva wengi huja wakilalamikia chaji peke yake. "Fundi, betri hailali na chaji," anakuambia, na hajui kwamba breki na chaji ni ugonjwa mmoja.

Kununua

Spea nyingi za hizi gari zinatoka Dar, Kariakoo na Ilala, zinapandishwa basi na kufika huku kesho yake. Ukikosea, gharama ya kurudisha ni yako. Piga picha ya mgongo wa altaneta ikionyesha mipira yote, piga na kibandiko chenye namba, umtumie muuzaji kabla hujatuma pesa. Mwambie injini kwa jina lake, 3L au 5L, asikusikie ukisema "Hiace ya dizeli" tu. Uliza volti. Hiace na Hilux nyingi ni volti 12, lakini magari kama Canter nyingi ni volti 24, na kwenye rafu zinakaa pamoja.

Mara nyingi pampu za mtumba zinauzwa zikiwa na altaneta yake. Mimi nashauri hivyo, kama altaneta yako nayo imelowa oili. Kama ya kwako ni kavu na inachaji vizuri, nunua pampu peke yake.

Ikiwa utaishika mkononi kabla ya kulipa, fanya haya. Zungusha puli taratibu. Isikie laini, isikwame mahali popote, na isilie chuma kwa chuma. Tikisa shafti juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Ziba kwa kidole tundu la kunyonya huku mwenzako anazungusha. Hata kwa mkono utasikia kidole kinavutwa kidogo kidogo. Mulika tochi kwenye tundu la oili. Oili nyeusi ni kawaida, lakini iliyokauka kama lami na yenye harufu ya kuungua inamaanisha pampu ilikimbia bila oili, na ukuta wake ndani umekwaruzika. Hiyo iache hata kwa bei ya bure.

Pamoja na pampu, agiza sili ya shafti, oringi inayokaa kati ya pampu na altaneta, washa mbili za shaba za boliti ya oili, mpira wa kurudisha oili na klipu zake. Mpira wa vakyumu uwe ule maalumu wenye nyuzi ndani, usiolegea kwa oili. Mpira wa maji wa rejeta unafanana nao kwa nje, lakini mvuto unaukunja na oili inaulainisha. Nimeuona ukifungwa mara nyingi mno kwenye breki za magari yanayobeba watu, na ningependa kazi hiyo ikome.

Kufungua

Egesha pa tambarare, vuta hendibreki, weka kigingi kwenye tairi, acha injini ipoe. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo utainua kiti na kifuniko, na kazi nyingine utaifanyia chini ya gari. Ukilipandisha kwa jeki, liweke juu ya stendi. Matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Usilale chini ya gari lililokaa juu yake.

Toa terminali ya hasi ya betri kabla ya kitu kingine. Waya mnene wa altaneta unatoka betri moja kwa moja na una umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Spana ikigusa hapo na bodi, cheche yake inatosha kukuunguza.

Piga picha. Kisha safisha eneo lote kwa brashi na dizeli kidogo, uifute kwa tambara. Hapa kwetu mchanga uko kila mahali, na chembe moja ikiingia kwenye tundu la oili itakwaruza pampu mpya siku ya kwanza. Gari lililolala pwani, iwe Shangani au Mikindani, boliti zake zinakuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi. Zipulizie dawa ya kutu jioni, ufungue asubuhi. Boliti ya mkono wa kukazia mkanda ndiyo inayokatika zaidi kwa watu wenye haraka.

Weka karai chini, halafu:

1. Fungua boliti yenye tundu inayoleta oili kwenye pampu. Shika washa zake za shaba zisianguke.
2. Legeza klipu ya mpira mnene wa kurudisha oili. Ukiwa umekauka, uzungushe kwanza kabla ya kuuvuta. Kama utabadilishwa, na ningependa ubadilishwe, uchane kwa kisu kwa urefu badala ya kuvunja mdomo wa pampu.
3. Chomoa mpira wa vakyumu. Tazama ndani kama una oili.
4. Chomoa plagi ya waya, kisha nati ya waya mnene, uufunge tambara mwisho wake.
5. Legeza boliti ya chini inayobeba altaneta na ile ya kukazia, sukuma altaneta ndani, toa mkanda, kisha toa boliti zote na uishushe. Ni nzito kuliko inavyoonekana; isikuponyoke juu ya mipira ya rejeta.

Ziba matundu yote ya injini yaliyobaki wazi kwa tambara safi.

Kwenye meza

Pampu imeshikwa kwenye altaneta kwa boliti chache. Zikitoka, igonge pembeni kwa mpini wa mbao hadi iachie. Usichokonoe kwa bisibisi kati ya bati na bati. Ni aluminiamu, ukiikwaruza hapo itavuja daima. Ivute moja kwa moja nyuma, ukiwa umekinga mkono, maana rota na vibapa vinaweza kuanguka.

Angalia ukuta wa ndani kwa mwanga. Mng'aro ni sawa. Mistari inayoshikika kwa ukucha si sawa. Angalia vibapa: kila kimoja kina ukingo mmoja ulioviringwa na mwingine bapa. Ukingo ulioviringwa unakaa nje, unaogusa ukuta wa nyumba. Mtu akivirudisha kinyume, pampu inafunga vizuri, inazunguka vizuri, na haivuti. Ukinunua pampu ya mtumba iliyowahi kufunguliwa, ifungue uthibitishe hilo kabla ya kuifunga.

Valvu isiyorudisha hewa iliyo kwenye mdomo wa vakyumu uipulize kwa mdomo. Hewa ipite kutoka upande wa mpira kwenda kwenye pampu, na isipite ukipuliza kinyume. Ikipitisha pande zote, breki itapoteza msaada mara injini inapozimika.

Badilisha sili ya shafti hata kama ya zamani inaonekana nzima. Upande wenye springi ndogo uelekee pampu, kwa kuwa oili inatoka huko. Isukume kwa soketi yenye upana wake, taratibu, iingie sawa pande zote. Paka oili mdomo wake. Kama altaneta imekunywa oili, ipeleke kwa fundi umeme aioshe na kubadilisha kaboni sasa hivi, wakati iko nje.

Njia ya oili

Tafadhali usiruke hatua hii hata kama giza linaingia na abiria wanasubiri.

Anza na mpira wa kurudisha. Uchane uutazame ndani. Dereva mmoja wa Hiace ya njia ya Masasi alileta gari pampu ikiwa ya pili ndani ya msimu mmoja wa korosho. Mpira wake wa kurudisha kwa nje ulikuwa mnene kama kidole gumba, mweusi, unang'aa. Tulipouchana, ukuta wa ndani ulikuwa umevimba kwa oili na kufura kuelekea katikati, tundu lililobaki lingepitisha njiti ya kiberiti tu. Oili ilikuwa inaingia kwa msukumo wa injini na kutoka kwa tone. Pampu inajaa, inakosa nafasi ya kuzoa hewa, na oili inatafuta pengine pa kutokea: kupitia sili kwenda kwenye altaneta, au kupitia mpira wa vakyumu kwenda kwenye bosta. Pampu zote mbili zilikuwa na sili zilizosukumwa nje.

Kwa hiyo weka mpira mpya, mfupi kadiri njia inavyoruhusu, unaoteremka muda wote. Usiwe na mkunjo wala sehemu inayoshuka kisha kupanda tena. Pua ya chuma inayoingia kwenye injini ichokonoe kwa waya laini na uipulize hadi usikie hewa ikipita ndani bila kizuizi.

Kumbuka pia injini yenyewe. Injini iliyochoka ringi za pistoni inajaza moshi na msukumo ndani ya sampu, na msukumo huo unaizuia oili isishuke kutoka kwenye pampu. Kabla ya kuanza kazi, gari likiwa linawaka, fungua mfuniko wa kujazia oili. Mvuke kidogo ni wa kawaida kwa dizeli ya umri huu. Mvuke ukiusukuma mfuniko mkononi mwako na moshi unatoka kwa mapigo, safisha kwanza mpira wa kupumulia injini. Mpira huo ukiwa safi na injini bado inasukuma, mwambie mwenye gari ukweli, kwamba pampu hii haitadumu mpaka injini itengenezwe.

Halafu mpira unaoleta oili. Hakikisha hauna ufa. Ili kujua kama oili inafika, tumia ujanja huu: chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu ya dizeli, ili injini isiwake. Elekeza mwisho wa mpira mwembamba kwenye chupa, rudisha betri, mwenzako apige stata kwa sekunde kumi hivi. Oili itoke kwa msukumo, isidondoke. Ikidondoka, njia imeziba au presha ya oili ni ndogo, na hapo una jambo kubwa kuliko breki. Toa tena hasi ya betri kabla ya kuendelea.

Oili ikiwa nzito kama uji mweusi, imwage uweke mpya pamoja na filta. Kwa injini hizi na joto letu, 15W-40 ya dizeli inatosha kabisa. Uchafu wake usiumwage mchangani. Huku tunachimba visima kwenye mchanga huohuo.

Kufunga

Weka oringi mpya, paka oili, panga meno ya rota na ya shafti, ingiza pampu kwa mkono hadi ikae. Ikigoma, zungusha puli kidogo. Usiivute kwa boliti. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Uzi wa aluminiamu ukichanika, kazi imekwisha.

Mimina kijiko cha oili safi kwenye tundu la kuingizia, zungusha puli kwa mkono mizunguko kadhaa kufuata mwelekeo wa injini. Hiyo oili ndiyo itakayolinda vibapa sekunde za kwanza. Ukihisi ukinzani wa ghafla, simama, usilazimishe.

Rudisha altaneta kwa mpangilio wa kinyume. Washa za shaba ziwe mpya. Kama huna na duka limefungwa, za zamani zichome kwa moto hadi ziwe nyekundu, uzizamishe majini, uzisugue zing'ae; shaba iliyochomwa inalainika na kuziba tena. Kaza mkanda hadi ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ushuke kama sentimita moja. Mkanda uliolegea unaiangusha chaji na vakyumu kwa pamoja, na uliokazwa kupita kiasi unakula beringi.

Mpira wa vakyumu ukiwa uliukuta na oili, usiufunge ukiwa hivyo. Chomoa upande wa bosta, ingiza kitambaa kilichofungwa kwenye waya uone kama bosta yenyewe ina oili. Mafuta hulainisha na kuvimbisha diaframu. Bosta iliyolowa oili ndani ibadilishwe. Kuifuta mdomo na kuiacha ni kumkabidhi dereva breki itakayomwacha siku nyingine.

Waya wa solenoidi ukiwa bado umechomolewa, rudisha betri na piga stata mara mbili tatu, sekunde kumi kila mara, ukiipumzisha katikati, hadi taa ya oili izimike. Sasa oili imefika. Rudisha waya, washa, acha kwenye sailensi. Tazama boliti ya oili na mpira wa kurudisha kwa tochi kwa dakika tano nzima. Rudia majaribio yote matatu ya mwanzo. Pima oili kwenye dipstiki, kwani sehemu yake imeingia kwenye pampu.

Kajaribu gari tupu, kwenye barabara tambarare isiyo na watu, kwa mwendo mdogo, kisha ongeza. Usilijaribie kwenye mteremko. Ukiridhika, lifanye siku moja bila mzigo mkubwa, halafu kagua tena klipu, mkanda, kiwango cha oili, na mpira wa vakyumu upande wa bosta kama umebaki mkavu.

Pampu ya aina nyingine

Si kila dizeli ina pampu mgongoni mwa altaneta. Land Rover Defender ya 300Tdi, kwa mfano, pampu yake imefungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti. Hapo huhitaji kugusa altaneta, ila kabla ya kufungua na kufunga zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele hadi kisukumio cha pampu kiwe kimelegea kabisa, vinginevyo utapigana na springi na kuchana uzi wa boliti. Gasket iwe mpya, na uso wa blok usafishwe bila kuchimba.

Ikifa ukiwa njiani

Msimu wa korosho gari linateremka kutoka Newala kwenda Masasi likiwa na magunia hadi juu. Ukihisi pedali imekuwa ngumu, usiikanyage na kuiachia mara kwa mara. Kila unapoiachia unatumia vakyumu iliyobaki ndani ya bosta, na ni ya mara mbili tatu tu. Kanyaga mara moja, kwa mguu wote, na uushikilie. Shuka gia moja baada ya nyingine injini ilivute gari, tumia hendibreki taratibu, na usizime injini, kwa sababu hata pampu dhaifu inavuta kitu kikiwa kinazunguka. Simama mahali salama pa kwanza, weka kigingi, shusha abiria.

Baada ya hapo, usiteremke kilima kilichobaki kwa kujiamini kwamba umelizoea gari. Magunia yanaweza kuhamishiwa gari jingine, na pampu ikaletwa kwa bodaboda hadi hapo ulipo.